Dar mpaka Kitulo na pikipiki 11: barabara, maua, na kijana tuliyemwacha Sao Hill

#1 Mfunga Msafara (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Klabu yetu imerudi kutoka Kitulo, hifadhi ya maua huko Nyanda za Juu Kusini. Pikipiki 11, watu 12 (mmoja wetu alimpakia mkewe), siku nane, karibu kilomita 1,900 kwenda na kurudi. Wengi mmenifuata pembeni mkiomba ramani na hesabu ya mafuta. Nitavitoa vyote hapa, ila kuna jambo moja lazima niliseme, na ndilo lililonifanya nifungue uzi badala ya kutupia picha tu.

Kwanza mjue tulikuwa na nini. BMW GS mbili, Africa Twin moja, Yamaha Ténéré moja, Honda XL 125 tatu, TVS mbili, AG 200 moja na Boxer 150 moja. Yaani mdogo na mkubwa barabara moja. Kabla ya kuondoka tulivutana sana kwenye kikao. Wenye mashine kubwa walitaka wenye ndogo watangulie siku moja, tukutane Iringa. Mwenyekiti akakataa, akasema kama hatuwezi kwenda pamoja basi tusiite klabu. Mimi nilikuwa upande wa wenye kubwa. Nayasema haya mapema ili mtakachosoma huko mbele kieleweke.

Nilipewa kazi ya kufunga msafara. Kwa wasioijua: kiongozi yuko mbele, anajua njia na anapanga mwendo. Mfunga msafara yuko nyuma kabisa, hapitwi na hapiti mtu. Anayeharibikiwa anamkuta yeye. Katikati mnapangana mmoja kushoto, mmoja kulia, ili kila mtu awe na nafasi ya kufunga breki bila kumparamia wa mbele.

SIKU YA KWANZA, Dar – Mikumi. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tuiwahi foleni ya malori. Mpaka Chalinze hakuna cha kusimulia, ni malori, tochi za trafiki za kupima mwendo, na matuta. Kwenye makazi ni 50, na 50 ni 50, msijidanganye kwamba pikipiki haionekani. Morogoro tukanywa supu huku Uluguru imejifunika wingu. Baada ya hapo barabara inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi. Hapo mbao za faini za kugonga wanyama zimepangwa kila mnyama na bei yake, na anayeendesha pikipiki aelewe kwamba yeye hana bodi ya kumkinga. Tuliona twiga watatu wakivuka. Kiongozi akanyoosha mkono, msafara mzima ukapunguza, injini zikanguruma chini kwa chini. Twiga wa mwisho alisimama katikati ya lami akatutazama kwa muda mrefu kabla ya kuendelea. Tukalala Mikumi mjini.

SIKU YA PILI, Mikumi – Iringa. Hii ndiyo siku ambayo mtu anaelewa kwa nini watu wanapanda pikipiki na si basi. Mnaingia bonde la mibuyu, mto Ruaha Mkuu uko pembeni, joto linapanda mpaka ndani ya kofia ngumu. Mibuyu imesimama mpaka juu milimani. Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu vimefungwa kwenye nyavu nyekundu barabara nzima. Halafu mlima Kitonga. Ndani ya dakika chache mnatoka kwenye joto la bonde mnaingia hewa ya baridi, unaisikia inapita kwenye mikono ya jaketi. Kitonga nitaiachia wenye malori wachangie, najua wapo humu.

Kabla ya kufika Iringa mjini tulisimama Lugalo, kwenye mnara ulio kando ya barabara. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa liliwavizia Wajerumani waliokuwa wakiongozwa na Emil von Zelewski, likawapiga, na Zelewski mwenyewe akafia hapo hapo. Nimepita hapo kwa basi labda mara 20 na sijawahi kusimama. Mzee wetu mwenye AG 200, ni Mhehe, alivua kofia, akasimama kimya, kisha akatusimulia jinsi fuvu la Mkwawa lilivyopelekwa Ujerumani na kurudishwa mwaka 1954, na kwamba lipo Kalenga, makao yake ya zamani, mpaka leo. Alivyolisema jina la Kalenga, sauti ilimkatika. Hakuna aliyewasha pikipiki mpaka yeye alipowasha.

Naendelea na siku ya tatu kwenye posti inayofuata. Ndiyo yenye habari yenyewe.

#2 Vumbi la Chalinze

Naweka kambi hapa. Mkuu usitukatishe kama wale wa "itaendelea" halafu kimya miezi sita.

#3 Dereva wa Kitonga

Mleta uzi heshima kwako kwa kutuachia nafasi. Miaka 14 napandisha na kushusha Kitonga, mzigo wa Tunduma na Kongo. Nawaomba sana watu wa pikipiki mnisikilize.

Lori lenye mzigo likipanda Kitonga linatembea kama mtu anayetembea kwa miguu. Likifika kona linachukua upana wote, kwa sababu trela halifuati njia ya kichwa, linakata ndani. Pikipiki inayojipenyeza kati ya trela na ukuta wa mlima mimi siioni. Kwenye kioo haipo. Msipite ndani ya kona, subirini mnyooko, pigeni honi, na mkiona mkono wa tanboi (msaidizi wa dereva) unapunga ndipo mpite.

Na linaloshuka ndilo la kuogopwa zaidi. Mkisikia harufu ya breki inaungua, au mkaona moshi kwenye magurudumu, msikae mbele yake hata kidogo. Tafuteni pa kutoka nje kabisa ya barabara, mliache lipite. Nanyi mkishuka shukeni kwa gia, tatu au mbili, breki ziwe za kusaidia tu. Nimewaona vijana wanashuka na klachi imebanwa, mashine inaserereka yenyewe. Yule akifika kona ya tatu breki zimeshachemka, hana kitu.

#4 Mfunga Msafara

Dereva wa Kitonga, ahsante sana kaka. Hilo la mkono wa tanboi nimelishuhudia. Tulipita malori sita na kila moja lilitupa ishara. Siku hiyo hakuna aliyekimbia.

SIKU YA TATU, Iringa – Njombe.

Asubuhi tukapanda Gangilonga, lile jiwe la Iringa, tukauona mji mzima. Tukachelewa. Kisha tukapita Isimila kuona zile nguzo za udongo zilizochongwa na maji na upepo, na zana za mawe za watu wa kale, tukachelewa zaidi. Kufika Mafinga ilikuwa saa tisa alasiri na wingu jeusi liko mbele. Kila mtu akawa na haraka ya kuiwahi Njombe kabla ya giza.

Mafinga tulijaza mafuta. Wenye mashine kubwa ndio waliohitaji. Kijana wetu wa Boxer hakuhitaji, tenki lake la lita kama 11 linamtoa Iringa mpaka Mbeya na linabaki. Kwa hiyo wakati sisi tumepanga foleni, yeye akavuka barabara kununua kitu. Kundi la mbele likaondoka, pikipiki sita. Nikabaki na wengine. Nikauliza, "Boksa yuko wapi?" Mwenzangu akajibu, "Ameshatangulia na wale." Nikaamini. Nikavaa glavu, nikawasha, nikaondoka.

Kazi yangu ilikuwa moja tu katika safari nzima: kutoondoka kabla ya mtu wa mwisho. Sikuhesabu. Nilichukua neno la mtu.

Mvua ilitukamata Sao Hill, kwenye ile misitu ya misindano. Mvua ya kule si ya Dar, ni ya baridi, inaingia shingoni na kukaa. Tulifika njia panda ya Makambako tumelowa, tukajipanga chini ya paa la duka, ndipo kiongozi akahesabu. Kumi. Akahesabu tena. Kumi. Akanitazama.

Simu ya kijana ilikuwa haipatikani.

Niligeuza peke yangu. Mwenye Ténéré akanifuata bila kuulizwa. Zaidi ya saa moja kurudi nyuma, mvua usoni, taa za malori zinapofusha, na kila pikipiki niliyoiona imesimama pembeni moyo uliruka. Ana umri wa miaka 22. Mama yake ndiye aliyekuja kwenye kikao kutukabidhi, akasema, "Nawaachia mtoto wangu."

Tulimkuta Sao Hill, kwenye kibanda cha kuuzia mahindi ya kuchoma. Alirudi kituoni Mafinga akakuta hakuna mtu, akakimbiza ili atufikie, akapata pancha tairi la nyuma. Alikuwa na kiraka na gundi, lakini gundi haishiki mpira uliolowa. Alikuwa ameshaweka viraka vitatu, vyote vimebanduka. Bibi mwenye kibanda alimvuta ndani, akampa khanga yake ajifunge, akamsogezea jiko la mkaa. Tulivyoingia kijana alikuwa amepiga magoti, ameshika tyubu juu ya moto kwa mikono miwili kama mtu anayeanika nguo ya mtoto, anaikausha taratibu isiungue. Vidole vimekuwa vyeupe. Hakutulaumu. Alisema tu, "Shikamoo bro, nisaidie kushika upande huu."

Nikashika. Kiraka cha nne kilikaa.

Tuliingia Njombe saa tatu usiku. Usiku ule kiongozi aliitisha kikao, na sheria ikabadilika. Nitaieleza, ila niacheni nipumue kwanza.

#5 Vumbi la Chalinze

Duh. Pole mkuu. Na hongera kwa kulisema, wengi wangelificha.

#6 Gia ya Tano

Mimi nitasema tofauti na msinishambulie. Nina mashine kubwa. Msafara wenye Boxer na GS ni hatari kwa wote wawili. Mkubwa akienda 70 siku nzima anachoka, usingizi unamjia. Mdogo akijilazimisha 110 injini inakufa na yeye anakufa. Kuwatenganisha si ubaguzi, ni usalama. Kosa lenu ni kuchanganya, siyo kuhesabu.

#7 Dada wa XL

Nilikuwepo kwenye msafara huu, nimepanda XL 125, nafasi ya saba. Kaka Gia ya Tano, naheshimu mawazo yako ila hukuwa Kitulo. Subiri usome siku ya tano.

Na kwa wanawake mnaouliza kama inawezekana: inawezekana. Tulikuwa wawili, mimi naendesha na mke wa mwenzetu kapakiwa. Chukueni koti la mvua la vipande viwili, koti na suruali, siyo lile la kipande kimoja, kwa sababu kujisitiri porini ukiwa umevaa la kipande kimoja kwenye mvua ni mateso. Soksi za sufu jozi nne. Glavu mbili, moja ikilowa uvae nyingine. Na mseme mapema mkitaka kusimama, msivumilie ili muonekane wagumu. Kiongozi wetu alikubaliana na hilo tangu siku ya kwanza, tulikuwa tunasimama kila baada ya saa moja na robo, na wanaume ndio walionufaika zaidi.

#8 Fundi Kabureta

Mleta uzi, hizo ndogo mlizirekebisha kabureta kabla ya kupanda? Watu hawajui hili. Ukipanda kila mita 1,000 injini inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, hewa ni nyepesi. Kitulo ni zaidi ya mita 2,600, yaani robo ya nguvu imekwenda. Na kabureta haijui kama umepanda mlima, inaendelea kumwaga mafuta yale yale. Mafuta mengi hewa kidogo, moshi mweusi, plagi inashika masizi, pikipiki inakohoa.

Dawa yake rahisi: safisha eya klina kwanza. Ikiwa bado, fungua kabureta, ile sindano ina klipu, hamisha klipu ngazi moja juu ili sindano ishuke, mafuta yapungue. Ukirudi Dar usisahau kuirudisha, la sivyo injini itachemka. Zenye injekta zinajirekebisha zenyewe.

#9 Mfunga Msafara

Fundi, nilitamani ungekuwa nasi. TVS moja ilifanya hivyo hivyo ulivyosema, ilianza kukohoa baada ya Njombe. Mzee wa AG akahamisha klipu kando ya barabara kwa bisibisi na tochi mdomoni. Ikatulia.

Sasa sheria. Kikao cha Njombe kiliamua mambo matatu na yote tuliyafuata mpaka Dar.

Kwanza, pikipiki yenye mwendo mdogo kuliko zote inakaa nafasi ya pili, nyuma ya kiongozi. Kiongozi anamwangalia kwenye kioo na kwenda mwendo wake. Wenye kubwa wako nyuma. Kwa hiyo hakuna anayekimbizana na mtu, maana aliyechoka ndiye anayeshika usukani wa mwendo wa wote. Gia ya Tano, kuhusu usingizi: ilibidi tupunguze kilomita za siku, na tukasimama mara nyingi. Hatukuongeza mwendo.

Pili, kila mtu anawajibika kwa aliye nyuma yake. Ukifika njia panda au ukitoka kituo cha mafuta, huondoki mpaka taa ya wa nyuma yako uione. Usipoiona unasimama. Wa mbele yako naye atakukosa, atasimama. Msafara mzima unasimama wenyewe ndani ya dakika chache bila simu.

Tatu, kuhesabu ni kwa sauti. Moja, mbili, tatu, kila mtu anataja namba yake kwa mdomo wake. Hakuna kumtajia mwenzako.

SIKU YA NNE, Njombe – Makete. Njombe asubuhi ni baridi ya kutoa moshi mdomoni. Tukapita kuona maporomoko ya Luhuji, yako mjini pale pale kando ya barabara. Sokoni viazi na parachichi mpaka basi. Kisha kilomita 107 za lami kwenda Makete, na kama kuna barabara nzuri zaidi ya pikipiki nchi hii sijaiona. Haina malori mengi. Inazunguka tu, kilima baada ya kilima, kushoto bonde, kulia bonde, mashamba ya ngano na viazi yamekatwa miraba, misindano, wingu liko chini yako. Unalaza pikipiki kushoto, unainyanyua, unailaza kulia, na mwili unashika mdundo kama mtu anayecheza ngoma aliyoizoea. Nilikuwa nyuma kabisa na niliwaona wote kumi mbele yangu, taa nyekundu zikipotea kwenye kona moja moja na kutokea upande wa pili wa bonde. Nilizihesabu kila kona.

#10 Mwana Makete

Kamwene wageni! Nimefurahi mmeisifia barabara yetu. Mlikuja mwezi gani? Maana maua ya Kitulo yanachanua Desemba mpaka Aprili, na hiyo ndiyo mvua yenyewe. Wageni wengi wanakuja Agosti kwa sababu ya barabara kavu, wanakuta majani makavu na baridi kali, wanaondoka wanasema Kitulo imetiwa chumvi.

#11 Mfunga Msafara

Kamwene kaka. Tulikuja mwisho wa Februari, makusudi. Tulijua tutalipa kwa tope, na tulilipa.

SIKU YA TANO, Makete – Kitulo – Isyonje – Mbeya. Sehemu kubwa tuliyopita ilikuwa udongo, na usiku wake mvua ilinyesha. Udongo wa kule mwekundu ukilowa unakuwa kama sabuni. Unajaza mashimo ya tairi mpaka tairi linakuwa duara laini, halina meno. Tulipunguza upepo wa matairi, tukaacha nafasi kubwa kati yetu, tukaingia.

GS moja na mizigo yake ni zaidi ya kilo 250. Ilianguka mara nne ndani ya kilomita 10. Kila ikianguka watu watatu kuinyanyua, miguu inateleza, mtu anapumua kama amekimbia kwa sababu hewa ya huko juu haitoshi. Africa Twin ilizama mpaka kwenye ekseli. Na Boxer? Kijana alishuka, akatembea pembeni yake, gia ya kwanza, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye kiti, ikapanda kama mbuzi. Alipofika juu aliiegesha, akarudi kwa miguu mpaka chini. Akashika GS nyuma akasukuma. Akarudi tena kwa Africa Twin. Alifanya hivyo mara tano. Tope lilimfika kiunoni.

Wenye ndogo wote walifanya vile. Dada wa XL ndiye aliyekata matawi tukayaweka chini ya tairi. Walitusubiri juu ya kila kilima, watu wale wale tuliotaka watangulie siku moja ili wasitucheleweshe barabarani.

#12 Dada wa XL

Shahidi. Na yule mwenye GS, ambaye kwenye kikao cha Dar ndiye alipinga kwa nguvu, aliinua mkono juu ya kile kilima cha mwisho akasema mbele ya watu wote, "Naomba radhi kwa kauli yangu." Kijana akamjibu, "Yameisha kaka." Hawakuongeza neno.

#13 Gia ya Tano

Nimesoma. Kwenye tope naungana nanyi. Kwenye lami bado nina wasiwasi, ila hiyo ya kumweka mdogo nafasi ya pili sikuwahi kuifikiria. Nitaipeleka kwenye kundi letu.

#14 Vumbi la Chalinze

Sasa Kitulo yenyewe jamani! Mmetupitisha kwenye tope hatujaona maua.

#15 Mfunga Msafara

Haya. Unatoka kwenye tope, ukungu umefunga, huoni zaidi ya pikipiki mbili mbele. Kisha upepo ukapita na ukungu ukainuka kama mtu amefunua pazia, na pande zote ni majani mafupi ya kijani na maua. Njano, zambarau, nyeupe, machungwa. Hakuna mti. Nyanda inakwenda mpaka inakutana na wingu.

Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Tulilipia, tukaegesha pikipiki, tukatembea kwa miguu na muongozaji, maana hapo si mahali pa kupeleka tairi. Alituinamisha chini kutuonyesha okidi moja ndogo isiyozidi urefu wa kidole, petali zake zina madoa kama yamechorwa kwa kalamu. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi pale. Alitueleza pia jinsi viazi vya okidi hizo vinavyochimbwa na kupelekwa Zambia, ambako vinapikwa kitoweo kiitwacho chikanda, na jinsi uchimbaji huo ulivyoumiza nyanda yote. Okidi ikichimbwa kiazi, hairudi. Ndiyo moja ya sababu hifadhi ilianzishwa. Misitu ya jirani ina kipunji, kima ambaye wanasayansi walikuwa hawamjui mpaka mwaka 2003, wakati wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimsimulia tangu zamani. Hatukumwona.

Mke wa mwenzetu alikaa chini kwenye majani akalia. Tulipomuuliza akasema hakuna kitu, ni pazuri tu.

SIKU YA SITA tulipumzika Mbeya, wachache wakateremka Tukuyu kwa ajili ya ndizi na Daraja la Mungu pale mto Kiwira, wengine wakapanda Ngosi kuona ziwa ndani ya mlima. Mimi nililala.

MAFUTA NA MATUMIZI kwa walioomba: Boxer kama kilomita 50 kwa lita, XL na TVS 35 mpaka 45, kubwa kama 18 mpaka 20. Hesabu wenyewe kwa bei ya siku mnayoondoka. Baada ya Njombe jazeni kila mnapopata. Kijijini mafuta yapo kwenye chupa, yachujeni kwa kitambaa. Bebeni tyubu nzima ya akiba, ya mbele na ya nyuma. Viraka peke yake msivitegemee, nimeshawaambia kwa nini.

#16 Mwana Makete

Umeielezea vizuri mpaka nimetamani nyumbani. Nyongeza kidogo: mkija, laleni Makete usiku mmoja zaidi. Ukungu unainuka kati ya saa nne na saa sita asubuhi siku nyingi, anayeondoka mapema anavuka nyanda bila kuiona.

#17 Boksa Nafasi ya Pili

Salaam kwa wote, shikamooni wakubwa. Nimefungua akaunti leo. Mimi ndiye yule wa Sao Hill. Dada wa XL amenitumia huu uzi.

Bro Mfunga Msafara hakuandika siku ya saba, naona ameiruka, acha niandike mimi. Tulitoka Mbeya alfajiri kurudi Iringa. Mimi nafasi ya pili. Tulivyokaribia Sao Hill niliomba kwa mkono tusimame, kiongozi akasimama, wote wakasimama. Bibi alikuwepo kibandani. Nilikuwa nimebeba khanga yake, nimeifua Mbeya, na juu yake nikaweka kilo tano za mchele wa Kyela. Bro akatangulia mbele yangu, akampigia magoti, akamwambia, "Shikamoo mama, mimi ndiye niliyemwacha." Bibi akamwambia, "Marahaba, inuka ule."

Tulinunua mahindi yake yote, tukala tumesimama kando ya barabara. Tulipoanza kuvaa kofia ngumu bibi alitoka nje ya kibanda, akapita taratibu mbele ya pikipiki zetu, anagusa usukani wa kila moja kwa kidole, anahesabu kwa sauti. Alipofika ya kumi na moja, ya bro, ndipo akasema, "Haya, nendeni."